Barua ya wazi: Waandikeni mgambo wa Vita vya Kagera wangali hai

Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya majeshi yetu, ya wazee wetu na ya kumbukumbu za taifa,

Shikamooni.

Nawaandikia kuhusu Baba yangu, ambaye tumemzika mwaka huu, na kuhusu wenzake ambao bado wapo. Baba hakuwa jenerali wala kanali. Hakuwa hata askari wa kudumu. Alikuwa mgambo, mkulima wa pamba wa Shinyanga aliyejifunza kupiga kwata kwenye uwanja wa shule ya msingi akiwa na bunduki ya mti, na muda si mrefu baadaye alikuwa amelala kwenye tope la Uganda akiwa na bunduki ya kweli. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza lisije likapotea katikati ya simulizi: waandikeni hawa wazee. Majina yao, vikosi vyao, walikopita, walichokiona. Waandikeni kabla hatujamaliza kuwazika.

Habari ya vita hii mnaijua vizuri, lakini barua ya wazi husomwa na wengi, na wapo vijana wanaoijua kwa jina tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Siku mbili baadaye Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa na kusema uwezo, sababu na nia ya kumpiga nduli vyote tunavyo. Wakati ule wanajeshi wetu wote hawakufika 40,000. Ndani ya miezi michache idadi ya waliovaa sare ikapita 100,000. Hao wote walitoka wapi? Walitoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Polisi, Magereza, na vijijini. Walitoka vijiji kama chetu, ambako katibu kata alipita na orodha, na malori ya watu binafsi yakaja kuwabeba waliotajwa.

Baba alikuwa kwenye orodha ile. Alikuwa na mke, watoto wawili wadogo, na wa tatu tumboni, ambaye ndiye mimi. Mama anasema hakulia mbele yake. Alimfungia viazi vikavu kwenye kitambaa, naye Baba akamwonyesha mahali alipoficha hela ya pamba, akamwambia ng'ombe yupi auzwe kwanza mambo yakizidi kuwa magumu. Kisha akaondoka. Miezi yote ile barua haikufika hata moja. Mama alizaa, akalima, akavuna, akauza yule ng'ombe, na kila redio ya jirani ilipofunguliwa alisogea kusikiliza kama watataja mahali. Walitaja miji. Mutukula, Masaka, Lukaya, Entebbe, Kampala. Majina ya watu hayakutajwa.

Kutoka Mutukula, mpakani, hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya safari ile jeshi letu lilikwenda kwa miguu, kwenye mvua, watu wakiwa wamebeba mabomu ya mizinga mabegani juu ya mizigo yao wenyewe. Baba alikuwa Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi. Waliosoma habari za vita hii wanajua kilichoipata brigedi hiyo Lukaya, jioni ya tarehe 10 Machi 1979. Barabara ya kwenda Kampala pale inakatiza kinamasi, pande zote mafunjo na maji. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitokea na vifaru, wakavurumisha makombora ya roketi. Makombora mengi yalipita juu bila kumdhuru mtu, lakini kwa mkulima ambaye hajawahi kusikia mlio ule, kupita juu na kupiga vilikuwa kitu kimoja.

Hapa ndipo penye jambo ambalo Baba alilisema kwa utulivu kuliko mengine yote. Alisema, "Tulikimbia." Hakulipamba wala hakulionea haya. Alisema walikimbilia kwenye maji, gizani, kila mtu na lwake, na kwamba alimsikia mwenzake akiita jina la mama yake kwa Kihaya, kisha hakumsikia tena. Usiku uleule maofisa wakapita wakiwakusanya mmoja mmoja, wakiwaita kwa sauti ya chini, wakiwapanga upya. Brigedi ya 208 nayo ikawa inazunguka kwa mbali ili itokee nyuma ya adui kwenye barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 shambulio likaanza kutoka pande mbili, na wale wale waliokimbia usiku ndio waliosonga mbele. "Tulikimbia, kisha tukarudi." Kwa Baba, ushujaa wote ulikuwa kwenye hilo neno la pili. Mimi naona ni kweli. Mtu ambaye hakuwahi kuogopa Lukaya sidhani kama ana cha kutufundisha. Aliyeogopa akarudi anacho, na hicho hakimo kwenye hotuba zetu za kila mwaka, kwa sababu hotuba zinataka watu ambao hawakuyumba hata dakika moja.

Waheshimiwa, ushahidi wa namna hii umo vichwani mwa wazee, na hauko mahali pengine popote. Nyaraka za makao makuu zinaweza kuonyesha brigedi ipi ilikuwa wapi saa ngapi. Haziwezi kuonyesha mgambo alikula nini siku ile, Waganda wa Masaka walimpokeaje, alimzika nani kando ya barabara na kwa dua ipi. Baba alikuwa Mkristo, akamwombea dua Mwislamu wa Tanga kwa maneno aliyoyasikia kwa wenzake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuyasema. Hadithi hiyo nilimsikia akiisimulia ukubwani mwangu, tena kwa bahati, kwa sababu mgeni mmoja alimuuliza. Kwingineko ningeipata wapi?

Alirudi mwaka 1979, baada ya askari wetu kufika mpaka wa Sudan mwezi Juni na vita kwisha. Alinikuta nimeshaanza kukaa mwenyewe. Mama anasema alisimama uani, akatuhesabu kwa kidole, akahesabu tena, ndipo akaingia ndani. Tangu siku ile akawa anatuhesabu kila jioni. Tulipofika wanane alituhesabu wanane. Hata mgeni akilala kwetu alihesabiwa. Mlango haukufungwa mpaka idadi itimie, na kama mmoja wetu amechelewa, Baba alikaa nje na tochi yake, mvua inyeshe isinyeshe. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni desturi ya kila nyumba.

Nataka mjue alikuwa mzazi wa namna gani, maana wengi wanapomfikiria mtu aliyetoka vitani wanamfikiria mlevi au mkali wa kupiga watoto. Wapo walioharibika hivyo, nami siwahukumu, kwa sababu hakuna aliyewauliza usiku wanaota nini. Baba alikuwa akiota. Alilala akiuelekea mlango, na lori likitoa mlio barabarani usiku alikuwa ameshasimama kabla sisi hatujafumbua macho. Lakini mchana alikuwa na mikono ya upole. Kila Januari alifungua mifuko ya simenti, akachukua karatasi za ndani zilizo safi, akatufunikia madaftari yote ya shule yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, kona zimekunjwa sawasawa, mshono umepigwa kwa sindano ya magunia. Mwalimu akishika madaftari ya darasa zima alijua ya kwetu bila kusoma jina. Dada yangu alipougua degedege alimfunga mgongoni kwa kanga ya Mama, kazi ambayo wanaume wa kwetu hawaifanyi mbele za watu, akaendesha baiskeli usiku hadi zahanati. Dada yule leo ni muuguzi. Watoto wote wanane tulisoma, wasichana kwa wavulana, kwa pamba, kwa kukodisha jembe la ng'ombe, na kwa miaka ile mibaya ambayo Mwalimu alituambia tufunge mkanda miezi 18 na mkanda ukaendelea kukaza muda mrefu baada ya hiyo.

Kuna sehemu nyingine ya maisha yake inayostahili kuandikwa, na ni ngumu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi Usukumani na Unyamwezini, wezi wakawa wanakuja na silaha za moto, nyingi zikisemwa kuwa mabaki ya vita. Wananchi wakaanzisha sungusungu, ulinzi wao wenyewe wa vijiji. Aliyewahi kushika bunduki alitafutwa kwanza, kwa hiyo Baba akawa kamanda. Alifundisha vijana kulala kwa zamu, kufuata nyayo, kupeana ishara kwa filimbi. Lakini walipomkamata mtu na kutaka kumpiga mpaka afe, kama ilivyotokea sehemu nyingi miaka ile, Baba alisimama katikati. Alisema ameona watu wa kutosha wakifa, na kwamba kijiji kikitaka kuua kimtafute kamanda mwingine. Walimtafuta mwingine, naye akarudi shambani kwake. Yule mtuhumiwa alipelekwa kituoni akiwa hai. Sijui ni mambo mangapi ya namna hii waliyafanya wazee hawa baada ya vita, katika vijiji vyetu vingi, bila kamera wala cheti.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Baba hakuwa na pensheni. Hakuwa mwajiriwa, na baada ya vita wapo mgambo waliobaki jeshini, wapo waliorudishwa nyumbani. Yeye alitaka kurudi. Karatasi aliyopewa alipoachiliwa aliitunza kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari, ikaliwa na mchwa mwaka mmoja wa mvua nyingi. Ilibaki kona yenye nusu ya muhuri. Alipozeeka, mguu ulipoanza kuoza kwa kisukari, tulimpeleka kwenye ofisi moja kuuliza kama kuna utaratibu wowote kwa waliopigana. Tuliulizwa namba ya jeshi. Hakuwa nayo, kwa sababu wengi wa namna yake walikwenda kwa orodha ya kata. Kijana aliyetuhudumia hakuwa mkorofi. Alisema tu kwamba bila namba hana pa kuanzia. Hospitali tulipita dirisha la wazee, kadi ilikuwa bure, dawa hazikuwepo, tukanunua nje. Tuliweza kununua kwa sababu alitusomesha. Wapo wenzake ambao watoto wao hawana.

Alipofariki hatukuomba mizinga wala gwaride. Kaka yangu aliuliza kama inawezekana bendera ya taifa kufunika jeneza hata kwa dakika za kanisani, na jibu likawa lilelile, hana rekodi. Basi tulimzika kama wakulima wanavyozikwa, na ni maziko mema, sina malalamiko nayo. Mgambo mwenzake mmoja, mzee anayetembea kwa fimbo mbili, aliomba ashikwe mikono yote, akasimama wima, akapiga saluti. Watoto wa shule waliokuwepo waliuliza kwa nini. Ilibidi tuwaeleze kila kitu kuanzia mwanzo.

Jenerali David Musuguri, aliyeongoza askari wetu katika vita ile na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na taifa likamzika kwa heshima zote. Alistahili, na Baba, aliyekuwa bado hai, alisikiliza matangazo ya maziko yale redioni kofia ikiwa mapajani. Sisemi heshima ile ipunguzwe. Nasema jenerali hakuvuka kinamasi cha Lukaya peke yake. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Kaboya, wilayani Muleba, kuna mnara wenye majina zaidi ya 600 ya waliokufa kwenye vita ile, na kila Mtanzania anayeweza angefika pale mara moja maishani. Hao tumewaandika kwa sababu walikufa wakiwa vitani. Waliorudi, wakaishi, wakalea, wakazeeka, na sasa wanakufa kwa kisukari, presha na uzee, hao mnara wao uko wapi?

Tunajua hali hii inaishia wapi, maana tumeshafanyiwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu kwa maelfu ya Waafrika wa upande huu wa bara walibebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani, wakafa kwa njaa, malaria na kuhara. Dar es Salaam kuna Mnara wa Askari tangu mwaka 1927. Mnara upo, majina hayapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilichapisha ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wengi zaidi ya hapo kwa mbali, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Radhi ilikuja zaidi ya miaka 100 baadaye, wakati hata wajukuu wengi wa wapagazi wale walikuwa wamekwisha kufa, na orodha nyingi hazitapatikana tena. Ule ulikuwa utawala wa kigeni ukiwahesabu watu weusi kama mzigo. Sisi tuna sababu gani ya kutowaandika wa kwetu?

Kazi yenyewe haihitaji bajeti ya kutisha. Kila kijiji kina mtendaji, na kila mtendaji anawajua wazee wake. Tangazeni mwezi mmoja ambao kila aliyekwenda Kagera, awe askari, mgambo, polisi, magereza, JKT, dereva wa lori lililochukuliwa au muuguzi, afike ofisi ya kijiji aandikwe. Asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani. Asiye na karatasi asirudishwe. Wenzake wawili waliokuwa naye wathibitishe, na orodha zilizopo makao makuu zitumike kuhakiki. Watatokea waongo, naam. Lakini mzee wa kweli ukimuuliza jina la kamanda wa kombania yake, rafiki aliyelala naye handaki moja na mto waliouvuka, utamjua kabla hujamaliza chai. Vijana wa historia wa vyuo vyetu wanahitaji kazi za utafiti, na simu iliyo mfukoni mwa kila mmoja inarekodi sauti. Sauti hizo zihifadhiwe mahali ambapo mjukuu anaweza kwenda kumsikiliza babu yake.

Kuhusu matibabu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mtakapokuwa mnapanga nani alipiwe na serikali, wawekeni hawa bila kuwauliza namba ya jeshi ambayo hawakuwahi kupewa. Na kuhusu bendera, ni kitambaa tu kwa anayekitazama kwa mbali, lakini mjane aliyemngoja mume wake bila barua angekiona kwa macho mengine. Iwepo moja kila ofisi ya kata, itolewe msiba ukitokea, irudishwe.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Wengi walikwenda wakiwa wakubwa kuliko hapo, na waume wa namna ya Baba, waliokwenda wakiwa na familia tayari, wamebaki wachache. Mama bado yupo. Naye aandikwe. Alilinda nyumba bila bunduki wala habari, na anakumbuka tarehe ambazo Baba alikwisha kuzisahau.

Katika kata yetu ninawafahamu wazee wanne walio hai. Mmoja haoni tena, lakini anataja majina ya kombania yake nzima kwa mpangilio wa mstari wa gwaride. Mwingine ni yule wa fimbo mbili. Majina yao na vijiji vyao nimeshayaacha kwa mtendaji wa kata, na familia zao zimekubali wahojiwe. Mkimtuma mtu, mimi mwenyewe nitampokea stendi na kumfikisha kwa kila mmoja. Naomba aje kabla ya Novemba, maana mvua zikianza gari halivuki mto, na yule asiyeona hali yake si nzuri.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa tatu wa mgambo wa Brigedi ya 201
Shinyanga